Timu 14, na mjomba bado anauliza nitatulia lini

Kila nikibadilisha kazi, mjomba wangu wa Tanga anapata habari kabla mimi sijazoea njia ya kwenda kazini. Simu inaita. "Mpwa wangu, hujatulia tu?" Safari hii ni ghala la saba ndani ya miaka tisa niliyokaa Columbus, Ohio. Sikufukuzwa hata moja. Mkataba wa wakala ukiisha unaisha, unapelekwa kwingine. Lakini kwetu mtu wa namna hiyo anasemwa hashikiki, na maneno hayo yakishatoka barazani hayarudi.

Aliyenipa jibu la kumpa mjomba ni mrushaji wa besiboli, Edwin Jackson.

Besiboli niliijulia Huntington Park, uwanja wa Columbus Clippers. Hiyo ni timu ya Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kuu, na wachezaji wake wanalelewa kwa ajili ya Cleveland. Unamzoea kijana jina na namba yake, wiki inayofuata hayupo. Amepandishwa, ameuzwa, au ameachwa. Mwanzoni nilisikitika kama vile mtu kafiwa. Wenyeji wanaendelea kula soseji zao.

Jackson ndiye bingwa wa maisha hayo. Ligi kuu alianza siku aliyotimiza miaka 20, tarehe 9 Septemba 2003, akiwa na Dodgers wa Los Angeles, na siku hiyohiyo akamshinda Randy Johnson, mrushaji nguli. Baada ya hapo ni safari. Julai 2011 Chicago White Sox walimpeleka Toronto, na kabla jua halijazama Toronto wakampeleka St. Louis. Hebu fikiri, siku moja una waajiri watatu. Miezi mitatu baadaye St. Louis walitwaa ubingwa wa World Series, fainali ya ligi kuu, naye akiwemo. Mwaka 2019 akarudi kwa Toronto ileile iliyomshika kwa saa chache, safari hii akavaa jezi na kucheza, na ikawa timu yake ya 14. Wakati huo hakuna mwingine katika historia ya ligi kuu aliyekuwa amefika hapo; aliyemtangulia, Octavio Dotel, aliishia 13, na Rich Hill alikuja kumfikia Jackson mwaka 2025.

Na si kwamba alikuwa wa kujazia benchi. Juni 2010, akiwa Arizona, alirusha mchezo mzima dhidi ya Tampa Bay, timu iliyowahi kuwa yake, bila mpigaji hata mmoja kupata pigo la kumfikisha kituoni. Mirusho 149! Makocha wa siku hizi wanamtoa mtu akikaribia 100. Kuna misimu pia alipigwa vibaya: 2013, akiwa Chicago Cubs, alipoteza michezo 18. Walimwacha 2015, na bado simu ikaendelea kuita, kwa sababu mtu anayeweza kurusha mpira anahitajika mahali fulani.

Hili ndilo ninaloliheshimu kwa Wamarekani. Hawakumuuliza Jackson kwa nini aliachwa. Walimuuliza bega lake likoje. Kwetu mchezaji akitoka Simba kwenda Yanga anaitwa msaliti, na akiachwa na timu tatu mfululizo watu wanatafuta kasoro ya tabia, wengine wanatafuta mganga.

Ila nisiwapambe kupita kiasi. Katika besiboli ukifanya kazi ligi kuu miaka 10, na mitano ya mwisho ukiwa timu moja, unapata haki ya kukataa kuuzwa. Soma tena sharti hilo. Jackson alicheza misimu 17 na hakuna timu aliyoichezea ligi kuu zaidi ya misimu mitatu. Haki ya kusema "siendi" wamepewa wale ambao hawasukumwi. Anayesukumwa kila mwaka haifikii kamwe, hata angecheza mpaka mvi. Nami ghalani nalijua hilo: likizo ya malipo inaanza baada ya mwaka mmoja, na mkataba wangu huwa wa miezi tisa.

Lakini kuna kitu kingine kilichoandikwa, na hiki kinaniuma kwa namna tofauti. Mchezaji akifikisha siku 43 ligi kuu, tayari ana haki ya pensheni. Siku 43! Na hazihesabiwi kwa timu, zinahesabiwa kwa ligi. Kumi Detroit, ishirini Miami, zote zinaingia kapu moja. Wa ligi ndogo hawana hilo, na kwa muda mrefu walilipwa vibaya sana, hadi walipojiunga na chama cha wachezaji 2022. Mkataba wao wa kwanza, wa 2023, ulipandisha kima cha chini cha Triple-A hadi dola 35,800 kwa mwaka.

Mjomba alicheza mpira Tanga miaka ya 1980, timu nne. Goti lake la kulia halikunji. Mwaka jana alipofanyiwa upasuaji tulichanga kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, elfu kumi kumi, na waliokuwa wakimshangilia wakaja hospitali na machungwa na uji wa chupa. Hapa Columbus nikilazwa sijui nani atakuja na uji. Upendo ule siuoni huku na ninauhitaji. Lakini misimu yote ile ya mjomba hakuna karatasi hata moja inayosema alifanya kazi. Timu ilimpenda, haikumwandika.

Wiki iliyopita nilimsimulia habari za Jackson zote, timu kwa timu. Alisikiliza kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Hizo siku 43, hata kama ni timu mbalimbali?"

"Hata kama ni timu mbalimbali, mjomba."

Nikamsikia anahesabu kwa sauti ya chini, timu baada ya timu, msimu baada ya msimu.