Kidepo: ndege au barabara?

Serikali ya Uganda ina mpango wa kujenga uwanja wa ndege wa kimataifa Kidepo, penye hifadhi ya taifa ya wanyama kaskazini-mashariki mwa nchi, na swali la zamani limerudi: je, mkoa huo wa Karamoja kufikika kirahisi ni neema au hasara?

Leo njia ni mbili. Ndege ndogo kutoka Entebbe au Kajjansi hutua Apoka, kambi kuu ya hifadhi, baada ya saa mbili hivi. Mizigo kwa kawaida haizidi kilo 15, tena kwenye mabegi laini. Kosa la wengi ni kushuka bila gari lililowekwa mapema, maana teksi huko hakuna. Kwa barabara, kupitia Gulu na Kitgum, ni siku nzima, kiasi cha kilomita 570 kutoka Kampala. Njia ya Moroto, Kotido na Kaabong ni ndefu zaidi, na usalama wake uulizwe kwanza, kwa kuwa wizi wa mifugo haujaisha. Jaza tangi Kitgum. Kutoka hapo kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya ndani, haipungui kilomita 400. Land Cruiser inayotumia lita 1 kwa kilomita 6 itataka karibu lita 70. Ongeza jerikani moja na matairi mawili ya akiba.

Wanaotetea ndege wana hoja: mgeni mwenye siku chache asipopata ndege haji kabisa, na asipokuja hakuna ada ya lango, ambayo asilimia 20 yake hurudi kwa jamii jirani. Waik, watu wa milimani waliopoteza ardhi hifadhi ilipoanzishwa, wana haki ya kuidai asilimia hiyo. Lakini anayeruka hanunui chakula Kitgum wala halali Kotido. Fedha yake karibu yote huishia lodji.

Hata hivyo, wanyama wenyewe ndio wanaopima safari. Bonde la Narus lina maji mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi nyati hujazana pale na simba huwafuata. Hayo mtu anaweza kuyaona hifadhi ya Murchison pia. Mbuni na duma wanapenda uwanda mkavu wa Bonde la Kidepo, kaskazini, ambako mto ni mchanga mtupu kwa miezi mingi. Kwenda Kanangorok kwenye chemchemi za moto kunakula nusu siku, pamoja na askari mwenye bunduki. Vaa nguo za rangi hafifu: mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Simbamangu, paka mwitu mkubwa, na bweha masikio hutaka jioni za subira, na mgeni wa usiku mmoja hana jioni hizo.

Ndiyo maana naona ndege ya usiku mmoja ni fedha iliyopotea, na uwanja mkubwa ukizalisha safari za aina hiyo utajaza Narus magari bila kuinufaisha Karenga, wilaya yenye hifadhi. Januari na Februari, endesha gari. Mvua zikianza, kuanzia Aprili, udongo mweusi hunasa magurudumu, na mto uliokuwa mkavu asubuhi hufurika kwa mvua iliyonyesha milimani. Hapo ndege inastahili bei yake, mradi ulale angalau siku tatu. Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ingia mchana, usilipe siku ya ziada kwa ajili ya kuondoka asubuhi.