Mturudishie na boliti, siyo sura peke yake

Kampuni za magari siku hizi zinafukua makabati ya zamani. Fiat 500 ya 1957 ilirudi 2007, Renault 5 ya 1972 ikarudi 2024 ikiwa ya umeme, na Volkswagen wameifufua kombi kwa jina la ID. Buzz. Sina ugomvi nazo. Ni magari ya mjini na yanapendeza.

Ninaloliongelea ni Land Rover Defender, kwa sababu gari lile huku kwetu halikuwa pambo. Limebeba wagonjwa, askari wa wanyamapori, magunia ya mahindi na watalii wa Ngorongoro, na Arusha hadi leo kuna mafundi wanaokula kwa kutengeneza Land Rover za zamani.

Umbo lake lilitokana na shida. Lilipooneshwa Amsterdam Aprili 1948, likiitwa Land Rover tu (jina la Defender lilikuja baadaye), Uingereza ilikuwa bado inauguza madonda ya vita na chuma kilitolewa kwa mgawo, ndipo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Mabati yakaachwa bapa kwa kuwa bati bapa halidai mitambo ya gharama kulikunja. Bawaba za milango zikakaa nje, madigadi yakafungwa kwa boliti. Likigongwa, fundi mwenye spana na nyundo analing'oa lililopondeka na kufunga jingine hapo hapo chini ya mwembe.

Uzalishaji ulikoma Januari 2016. Mrithi wake alioneshwa 2019, na haki yake nimpe: ni gari zuri. Likiwa na springi za upepo linavuka maji ya kina cha sentimita 90, wakati la zamani kiwango chake kilikuwa 50. Lakini itazame boneti yake. Wenye Defender za zamani walikuwa wakifunga mabamba ya aluminiamu yenye vinundu juu ya madigadi, ili mtu apande na kusimama bila kubonyeza bati. Kwenye gari jipya unaweza kuyakuta mabamba hayo hayo, ila ni plastiki ya urembo. Hilo linaniuma sana. Chesi, yaani fremu ya chuma ya chini, iliyojitenga na bodi nayo haipo tena, na gari likizima porini fundi anataka kompyuta kabla hajashika spana.

Msiniambie haiwezekani. Toyota Land Cruiser 70, ile tunayoiita mkonga, ipo tangu 1984. Mwaka 2023 Toyota waliirudishia taa za mviringo na chesi yake wakaiacha kama ilivyo. Land Cruiser 250 ya mwaka huo huo ina sura ya kizamani pia, lakini kilichonifurahisha ni bampa: kona zake zimekatwa vipande, ukigonga unabadilisha kipande kilichoumia tu. Urithi ninaoutaka ni huo. Land Rover wakikaa kuchora Defender ijayo, waanze na boliti za madigadi. Taa zitafuata.