Mwamba Ukiziba kwa Lami na Nta: Kosa ni la Mafuta au la Mwendeshaji?

Ukitaja mafuta ya Ziwa Albert, wengi hukumbuka bomba. Kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na mafuta yapashwe moto njia nzima, yabaki kwenye nyuzi 50 hivi, kwa sababu yana nta nyingi na yakipoa huganda. Hata mafuta ya Lokichar, Turkana, yaliyosafirishwa kwa malori hadi Mombasa kabla ya shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 kuondoka Agosti 2019, yalihitaji matangi ya kutunza joto. Lakini bomba likiziba, kuna namna: litapashwa, litasuguliwa, au kipande kitakatwa kiwekwe kingine. Mwamba ulio mamia ya mita chini ya ardhi hauna kipuri, na ndio unaonishughulisha mimi.

Kuhusu mwamba huo kuna kauli mbili. Ya kwanza inasema vitu vizito vilivyomo kwenye mafuta ghafi ni ugonjwa wa kuzaliwa nao: vitaziba tu, na mwenye kisima hana budi kusubiri dalili kisha atibu. Ya pili inauliza: mafuta hayo yamekaa humo mamilioni ya miaka bila kuziba kitu, iweje yaanze kuziba siku tulipotoboa?

Mwamba wa mafuta si pango lenye ziwa ndani yake. Ni mchanga ulioshikana au chokaa, na mafuta yamejibanza katika vinyweleo vinavyounganishwa na vijia ambavyo mara nyingi upana wake ni elfu chache tu za milimita. Ndani ya mafuta kuna asfalteni, molekuli nzito jamaa wa lami ya barabarani, ambazo hubaki zikielea kwa msaada wa vitu viitwavyo resini. Presha inaposhuka, gesi na viini vyepesi vilivyoyeyuka ndani ya mafuta hutanuka, umajimaji wote unakuwa hafifu, na asfalteni zinakosa pa kujishikiza. Zinajitenga, zinashikana, zinatua. Hali huwa mbaya zaidi presha inapokaribia kiwango ambacho gesi huanza kutoka kama viputo. Ikishapita hapo na gesi ikaondoka, mafuta yaliyobaki huwa mazito zaidi na huanza kuzimudu tena.

Zikitua, madhara si kuziba vijia peke yake. Hugandamana pia na kuta za vinyweleo na kubadili tabia ya mwamba: jiwe lililokuwa likipenda maji huanza kupenda mafuta na kuyang'ang'ania, hata maji yanayoingizwa kuyasukuma yanapita pembeni yakiyaacha nyuma. Hilo ndilo dhara baya zaidi kwa maoni yangu, maana halionekani mapema kwenye vipimo vya kisima.

Kauli ya kwanza inaanza kuyumba ukilinganisha mahali kwa mahali. Mafuta ya Boscán, Venezuela, yana asfalteni takriban asilimia 17 kwa uzito, na yamechimbwa bila usumbufu mkubwa wa aina hii. Hassi Messaoud, Algeria, asfalteni hazifiki hata asilimia 0.2, na visima vyake vimeteseka miaka mingi. Mafuta mepesi yenye gesi nyingi hayana nguvu ya kuzibeba asfalteni chache zilizomo. Mafuta mazito yana resini za kutosha. Kwa hiyo anayesema "mafuta ni mazito, ndiyo maana mwamba umeharibika" hajathibitisha lolote. Swali la kumrudishia ni presha ilishushwa kiasi gani, na kwa kasi gani.

Hata hivyo, wenye kauli ya "tutasafisha baadaye" wana hoja yenye uzito, na inatoka kwenye hesabu. Chukua kisima chenye nusu kipenyo cha sentimita 10, kinachovuta mafuta kutoka umbali wa mita 300. Pete ya mwamba inayokizunguka hadi mita moja ikibakiwa na sehemu moja tu ya kumi ya upenyezaji wake, yaani uwezo wake wa kupitisha mafuta, kanuni aliyoichapisha mhandisi Hawkins mwaka 1956 inaonyesha kwamba kisima kitatoa kama asilimia 28 tu ya kilichotoa awali. Zaidi ya theluthi mbili imepotea kwa sababu ya pete ya chini ya mita moja! Lakini pete yenye unene huohuo ikiharibika mita 100 kutoka kisimani, hasara ni kama haipo. Basi, wanasema, kama uharibifu wote unaoumiza uko mlangoni, kwa nini tusifagie mlango tu?

Shida iko kwenye fagio. Zailini na toluini huyeyusha asfalteni vizuri, ila zailini hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 27 hivi, chini ya joto la kawaida la mchana Turkana, na toluini ni hatari zaidi. Asidi ya haidrokloriki, dawa ya kila siku ya kufungua miamba ya chokaa, ikikutana na mafuta yenye asfalteni huku ina madini ya chuma, huweza kutengeneza tope zito kuliko lililokuwapo. Kwa upande wa nta kuna mtindo wa zamani wa kumwaga mafuta ya moto kisimani. Joto huishia njiani, kwenye mita za juu. Yale mafuta yakifika chini yamepoa, na kama yalichotwa sakafuni mwa tangi basi yamebeba nta ya ziada, ambayo sasa inasukumwa ndani ya mwamba uleule uliokusudiwa kusafishwa. Zaidi ya hayo, hakuna kimiminiko cha kufagia mlango kitakachorudisha tabia ya jiwe lililokwisha kubadilika mbali na kisima.

Nikiri pia kwamba kuna mahali uzito kubaki chini ni faida. Huko Kanada watafiti wamejaribu kuingiza viyeyushi vya gesi kwenye mafuta mazito sana kwa makusudi ili asfalteni zibaki ardhini na mafuta yatoke mepesi. Lakini hilo ni la miamba yenye upenyezaji mkubwa, na ni uamuzi uliopangwa tangu mwanzo.

Kwa jirani zetu wa Uganda na Turkana, mfano wa karibu zaidi ni Mangala, Rajasthan, India. Mafuta yake yana nta nyingi, mwamba una joto la nyuzi 65 hivi, na nta huanza kujitenga nyuzi chache tu chini ya hapo. Uzalishaji ulipoanza mwaka 2009, mpango ulikuwa ni kuingiza maji ya moto, kwani maji baridi yangegandisha nta ndani ya mwamba wenyewe. Ni gharama kubwa kuanza nayo kabla hata fedha haijaonekana, na simlaumu mwekezaji anayesita. Ila katika mikataba ya kugawana uzalishaji, gharama za mwendeshaji, yaani kampuni inayoendesha visima, hurudishwa kutoka kwenye mafuta. Kisima kikisafishwa mara tano, bili inalipwa kutoka chungu kimoja na mgao wa nchi, na mafuta yaliyonasa hayahesabiwi popote.

Ndiyo maana naegemea kauli ya pili, na ningetaka wasimamizi waulize kabla visima zaidi ya 400 vya Tilenga, mradi wa mafuta wa Uganda kando ya Ziwa Albert, havijazeeka: maji ya ziwa yanaingia mwambani yakiwa na joto gani? Presha karibu na kisima inaruhusiwa kushuka hadi wapi? Na vile vipande vya mwamba vilivyopimwa maabara, vilipimwa kwa mafuta yenye gesi yake au yaliyokwisha kuitoa? Mafuta yaliyokwisha kutoa gesi yamevuka tayari ile presha ambapo asfalteni hujitenga, na mwamba ukipimwa nayo utaonekana mzima.