Tunaenda Ngapi?

Swali linalonichosha kuliko yote nikiwa kwenye usukani si "tumefika?" Ni "tunaenda ngapi?" Mwenye gari la Kijapani analijibu bila kufikiri: anatupia jicho mshale, anataja namba, maongezi yanaendelea. Mimi lazima kwanza nijue anayeuliza ni nani.

Gari langu limetoka Uingereza. Usukani uko kulia kama ya kwetu, viti ni vya ngozi, na mlango ukiufunga unafungika mara moja, haubishani. Bei ilikuwa nzuri, kwa hiyo anayetaka kunipa pole akatafute mgonjwa. Kero ni moja tu: mita ya spidi imeandikwa kwa maili. Ndani ya lile duara kubwa kipo kiduara cha kilomita, sikatai, ila namba zake ni ndogo kama maandishi ya pembeni kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, tena za kijivu. Mchana unazisoma kwa kukunja uso. Usiku zimeshalala.

Sasa tuko safarini. Mama watoto yuko mbele, anachungulia, anaona mshale uko kwenye sitini. "Baba, mbona mwendo wa bibi harusi? Hata ile Noah imetupita!" Namweleza kwamba hizo ni maili, kwa kilomita tunakaribia tisini na saba. Anasema "mh." Ile "mh" hakuna mfumo wa vipimo duniani ulioweza kuipima.

Kiti cha nyuma kakaa mama mkwe. Yeye mshale hauoni, lakini akisikia "tisini na saba" tu, tasbihi inatoka kwenye mkoba. Kwa hiyo nimejipangia utaratibu. Mkwe akiuliza, namjibu kwa maili: "Hamsini tu, mama." Anashukuru, anasinzia. Mke akiuliza, namjibu kwa kilomita: "Themanini hiyo, unataka turuke?" Wote nimewaambia kweli tupu. Wakiuliza kwa pamoja, naongeza sauti ya redio.

Kijiweni ndiko kuna dharau. Jirani yangu ana Toyota IST, na mita ya IST mwisho wake ni 180. Ya kwangu inaishia 160. Akaja na vijana wawili, wakachungulia dirishani, akawaambia: "Mnaona? Gari la Mzungu, mbwembwe zote hizi, spidi haifiki hata ya IST." Nikamweleza taratibu kwamba maili moja ni kilomita moja nukta sita na kidogo, kwamba hiyo 160 yangu ni kilomita 257. Akaguna. "Mia mbili hamsini na saba utazikimbizia wapi, Ubungo?" Vijana wakacheka. Yeye mwenyewe ile 180 hajawahi kuiona nje ya picha ya dashibodi, maana kutoka kwake mpaka kazini ni foleni na matuta, lakini heshima ya gari huku kwetu inasomwa kwenye namba ya mwisho, siyo kwenye namba unayoitumia.

Hayo ya kijiweni yanavumilika. Yasiyovumilika ni ya shemeji.

Shemeji aliliazima gari kwenda Morogoro. Nilimwonya kabisa: mita hiyo ni ya maili. Akajibu "najua, najua," kwa sauti ya mtu ambaye tayari anatafuta redio. Barabara ile mnaijua: unatoka Chalinze unaanza kupata moyo, kisha vijiji vinakuja kimoja baada ya kingine, na kila kijiji kina kibao cha 50. Kufika Mikese, shemeji akaona kibao cha 50, akarudisha mguu kistaarabu mpaka mshale ukakaa kwenye hamsini kamili. Akatulia. Magari ya mbele yakawa yanamwashia taa kumtahadharisha, naye akawa anawapungia mkono, akidhani wanalisifia gari.

Chini ya mwembe akatoka afande. Tochi yake ya kupimia spidi inasoma 78.

Shemeji ni mbishi wa kuzaliwa. "Afande, kibao kinasema hamsini, na mimi mshale wangu ulikuwa hamsini. Njoo uone mwenyewe." Afande akainama, akaangalia dashibodi, akacheka kwa furaha ya kweli, akamwita na mwenzake aje kuona. Wakalizunguka gari, wakasifu viti. Shemeji akapanda mori: "Kwanza kibao chenu kimeandikwa 50 tu. Hakuna palipoandikwa kilomita pale!" Hapo, kusema ukweli, jamaa alikuwa na hoja. Vibao vyetu vina namba peke yake. Afande akafuta machozi ya kicheko, akaandika. Elfu thelathini. Wala hakuandika kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma shemeji zaidi.

Na faini nimelipa mimi, kwa sababu gari ni langu na namba ya malipo ilikuja kwa jina langu. Shemeji anasema tugawane nusu, kwa kuwa nusu ya kosa ni la mita.

Tangu siku hiyo msimamo wangu sina haja ya kuuficha: mita ya spidi iwe ya kilomita. Nasikia watu wanabishana kwamba kila mtu achague anachokipenda, kwamba magari mapya yana kioo tu, unabonyeza kitufe maili inakuwa kilomita. Kuchagua ni sawa kwa rangi ya mazulia. Namba ya spidi siyo mali ya dereva. Ni mali ya yule aliyesimama chini ya mwembe na tochi, na kila mwembe wa nchi hii unahesabu kwa kilomita. Mimi nikihesabu kwa kitu kingine, kila kijiji nafanya mtihani wa hesabu: zidisha kwa nane, gawa kwa tano, huku lori la Kongo linakuja mbele na bodaboda amebeba godoro anaingia barabarani bila kuangalia upande wowote.

Waingereza wenyewe nimewachunguza, na sijawaelewa. Mafuta ya gari wanauziwa kwa lita. Ukitaka kujua gari linakula kiasi gani, wanakujibu kwa maili kwa galoni. Galoni yenyewe ni ya kwao, lita nne na nusu na chenga, siyo ile ya Marekani ambayo haifiki hata lita nne. Gari langu linaandika "40" kwa madaha. Nilikaa na kalamu mpaka nikapata kwamba ni kama kilomita kumi na nne kwa lita, ndipo nikajua kama nifurahi au la. Hiyo maili yao ina futi 5,280, tangu enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, mwaka 1593. Nani kakaa akachagua 5,280? Kilomita ina mita elfu moja. Hata mkwe anaigawa.

Jirani zao Ayalandi walichoka. Januari 2005 waligeuza vibao vya spidi vyote kutoka maili kwenda kilomita, na magari mapya yakaanza kuja na mita ya kilomita. Usukani uko kulia kama kwetu, wanapita kushoto kama sisi. Nimeshamwambia ndugu yangu aliyeko Uingereza kwamba mtu mwingine wa ukoo akitaka gari, avuke maji kidogo akatafute Ayalandi.

Mzee mmoja wa kijiweni, fundi seremala, aliunga mkono kwa kishindo. "Maili ni ukoloni!" akasema, akapiga meza. Meza aliyoitengeneza kwa mbao za mbili kwa nne na misumari ya inchi tatu. Nikamuuliza kiwanja chake kina ukubwa gani, akasema robo ekari. Runinga yake? Inchi thelathini na mbili. Urefu wake? Futi tano na nusu. Hapo ukoloni hauoni. Na tukisimama hapo barabarani, kondakta anapita ananing'inia mlangoni: "Maili Moja! Maili Moja!" Anakwenda Kibaha, ambako ni karibu kilomita arobaini kutoka katikati ya Dar. Mtu anayepanda kwa kuliamini jina atashuka amezeeka. Wakenya nao wana Maili Nne kule Eldoret na Maili Kumi kule Nakuru, basi tusicheke peke yetu.

Tairi ndiyo kiboko. Yangu imeandikwa 205/55 R16. Hiyo 205 ni milimita, 16 ni inchi, na 55 ni asilimia. Upepo unajazwa kwa pauni kwa inchi ya mraba. Kitu kimoja cha duara, na kila namba imetoka ukoo wake. Ukipita hifadhi ya Mikumi, faini ya kumgonga mnyama imeandikwa kwa dola. Dereva wa nchi hii alitakiwa alipwe mshahara wa mkalimani.

Nilikwenda Gerezani, ule mtaa wa Dar, kwa fundi wa dashibodi kutafuta ufumbuzi. Akaitazama mita, akasema hilo ni jambo dogo: anaifungua, anabandika uso mpya wenye namba za kilomita. "Mwisho uwe ngapi, bosi? Mia na themanini? Mia mbili arobaini? Wateja wengi wanapenda mia mbili arobaini." Nikamuuliza, na mshale utasoma sawasawa? Akasema mshale utazoea.

Nikaondoka na mita yangu ya maili.

Mpwa wangu akaniwekea programu kwenye simu, inaonyesha spidi kwa kilomita, namba kubwa za kijani. Nzuri. Ila inasoma pungufu kidogo kuliko mita, nikaanza kumlaumu kijana wa watu, mpaka nikaelewa kwamba mita za magari zina ruhusa ya kudanganya upande mmoja. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inasema mita isionyeshe kamwe chini ya mwendo halisi, lakini kuzidisha kidogo ruksa. Ndiyo maana shemeji alipigwa 78 badala ya themanini. Nilipomwambia, alitaka arudi Mikese kudai chenji.

Huku kwa fundi wa kumwaga oili nako kuna ngoma yake. Kila gari analiandikia kadi: namba iliyopo, jumlisha elfu tano, rudi. Kwangu elfu tano hizo ni za maili, yaani kilomita elfu nane na ushee. Namwambia andika nyongeza ya elfu tatu na mia moja. Anakataa. "Mzee, oili hii ni ya elfu tano, usiidharau." Siku hizi anaandika ya kwake, mimi nafuta naandika ya kwangu, na kijana anayeosha magari ananiangalia kwa huruma.

Mwezi huu kuna mtu kaonyesha nia ya kulinunua. Alikuja jioni, akakagua rangi, akapiga tairi teke, akakaa ndani, akawasha. Akatazama ile namba ya safari zote. "Imetembea elfu sitini na mbili tu?" Nikamjibu ndiyo, elfu sitini na mbili, kama unavyoiona. Macho yakamng'aa. Akashuka kwenda kumpigia simu dalali wake.

Hajauliza elfu sitini na mbili za nini. Kesho anarudi na fundi, na mama watoto nimeshamwomba, atakapoleta chai, asianzishe mazungumzo ya kilomita.