Boma likifika lenta, zamu ni ya nani?

Ukipita vijijini Tanzania huhitaji kuelekezwa boma lilipo. Utaliona mwenyewe: kuta za tofali za kuchoma zimeishia kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, paa hakuna, ndani majani yamefika kiunoni na mbuzi wamejibanza kivulini. Upande unaopigwa na mvua, udongo uliounganisha tofali umeanza kulika. Ni zahanati hiyo, au ilikusudiwa kuwa zahanati, na imefika hapo kwa nguvu za wananchi.

Utaratibu unajulikana. Kijiji kinachanga mawe, mchanga, tofali na fedha kidogo, kinapandisha kuta. Halmashauri ya wilaya inapokea hapo: inapaua, inaezeka, inaweka madirisha, inaleta vifaa na watumishi. Mambo haya yalishika kasi baada ya mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007, MMAM, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Vijiji ni zaidi ya 12,000. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini serikali iliwageukia wananchi.

Wanaotetea michango wana hoja nzito, na watu wa mjini huidharau haraka mno. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003 hakuna aliyeililia, lakini mahitaji hayakufutwa pamoja nayo. Ushuru wa mazao unakwenda wilayani, na kinachorudi kijijini ni kidogo tena hakina siku maalumu. Kijiji kikikunja mikono, mama mjamzito ataendelea kubebwa kwenye bodaboda usiku. Kuna na lile la umiliki. Aliyesomba mawe kwa kichwa hatanyamaza akiona mlango unang'olewa, na kamati ya ujenzi inayojua bei ya saruji dukani si rahisi kuiuzia mfuko kwa bei ya ajabu.

Sasa tazama mchango wenyewe unavyokusanywa. Unapangwa kwa kaya. Mjane mwenye nusu ekari ya mahindi anaandikiwa kiasi kile kile anachoandikiwa mwenye mashine ya kusaga. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyefikisha miaka 18, ndio wenye kauli. Kwa vitendo, mara nyingi kiwango hushuka kutoka juu kikiwa tayari, na mkutano unaitwa kukipigia makofi. Anayechelewa hutembelewa na mgambo, na wakiondoka wanaondoka na kuku au baiskeli. Au siku anayotaka barua ya utambulisho, mtendaji anafungua kwanza daftari la michango. Hiari ya namna hiyo inahitaji jina lingine.

Serikali yenyewe imekuwa ikiyumba. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, miaka miwili tu baada ya elimu bila malipo kuanza. Mwaka 2021 ukaja mkopo wa UVIKO-19, Sh trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000 bila mzazi kudaiwa tofali. Wanakijiji waliona. Mtendaji akiitisha mkutano wa michango leo, kuna atakayesimama nyuma kabisa na kuuliza: mbona yale yalijengwa bila sisi? Swali halali, ingawa jibu lake ni chungu: mkopo ule ulikuwa wa mara moja.

Kwa maoni yangu, mjadala wa hiari na lazima umetupotezea muda mwingi. Kinachouma zaidi ni kwamba makubaliano yana upande mmoja tu unaobanwa. Kijiji kina tarehe, kina daftari lenye majina, kina mgambo. Wilaya ina maneno matatu: fedha zikipatikana, tutaezeka. Wala hakuna mgambo anayekwenda kwa mkurugenzi kukamata kuku.

Ndiyo maana ningependa msingi usichimbwe kabla fedha za paa hazijaingia kwenye bajeti ya halmashauri, na mwaka wa fedha ukatajwa. Najua pa kunikamata. Diwani yeyote mzoefu atasema boma ni barua ya maombi: anasimama kwenye baraza, anasema wananchi wangu wana maboma manne, na hapo ndipo wilaya inapopata aibu ya kutoa chochote. Ukizuia msingi unakinyang'anya kijiji silaha yake. Na vijiji vyenye watoto wao Dar es Salaam vitajimalizia vyenyewe, vile visivyo na mtu vitabaki kusubiri.

Hoja hiyo ilinisumbua kwa muda. Lakini silaha ikishikwa na kila kijiji hakuna anayeiogopa tena. Maboma yamekuwa mengi hadi aibu imeisha.

Kuna hatua ndogo isiyohitaji bajeti wala sheria mpya. Kila robo mwaka kijiji kinatakiwa kusomewa mapato na matumizi, na ofisi nyingi hubandika karatasi ukutani zikionyesha nani amechanga na nani bado. Kwenye karatasi hiyo hiyo iongezwe safu moja: wilaya iliahidi nini, lini, na imeleta nini.