Dozi ya mtoto: chati ya ukutani au upige hesabu mwenyewe?

Juzi zamu ya usiku hapa Moshi manesi wenzangu wawili walibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja anasema mambo ya kukaa unapiga hesabu ya dozi mtoto mmoja mmoja yameshapitwa, tubandike chati ukutani, uzito huku mililita kule, nesi anasoma anavuta dawa basi. Mwingine, dada yetu mkongwe, anasema nesi asiyeweza kupiga hesabu mwenyewe ni mgawa dawa tu, siku chati ikichanika tutamtafuta wapi. Mi niko katikati najaza mafaili, ila kimoyomoyo nshachagua.

Wa chati ana hoja jamani. Dawa mseto ya malaria tunaitoa kwa makundi ya uzito, kuanzia kilo 5 mpaka chini ya 15 ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku kwa siku 3, yani wa kilo 6 na wa kilo 14 wanameza sawa na wote wanapona, maana dawa yenyewe inavumilia dozi kupishana. Sasa saa 9 usiku mko wawili wodi nzima, nani ana hamu ya kugawanya desimali?

Ila njoo kwenye jentamaisini, ile antibayotiki ya sindano, uone. Kichanga wa kilo 2.6, miligramu 5 kwa kilo, unapata 13. Ampuli, kale kachupa ka kuvunja, ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwahiyo mililita moja ina 40, 13 gawanya kwa 40 ni 0.325, unachukua sirinji ya mililita moja unavuta 0.32 hivi. Nukta ikihama ikawa 3.25 umeshampa mara kumi, na hii ikizidi inagusa figo na masikio. Lakini angalia, ampuli nzima ni mililita 2 tu! Ukijikuta unavunja ya pili kwa ajili ya kichanga mmoja simama hapo hapo. Hiyo akili inakuja kwa kupiga hesabu kila siku, na hapo mkongwe namvulia kofia.

Tena chati yenyewe inaweza kukuponza. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, chati ya atesuneti (sindano ya malaria kali) iliandikwa mililita peke yake, haisemi umechanganya kwa ajili ya mshipa au msuli. Kichupa ni kile kile cha miligramu 60, ila ya mshipa inatoka miligramu 10 kwa mililita, ya msuli 20. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 24, kwahiyo ni mililita 2.4 ya mshipa au 1.2 ya msuli, ukichanganya habari unampa nusu au mara mbili. Na kikokotoo cha simu nacho kinajibu ulichokilisha tu.

Kwahiyo mi nasema mseto na panadoli chati ibaki, inaokoa muda. Jentamaisini na dawa zote za sindano za vichanga hesabu ipigwe, na wapige wawili kila mtu kivyake, sio unamuuliza mwenzio "ni 0.32 eh?" huku sirinji iko mkononi, hapo ushampa jibu, ataitikia tu.

Ila wote wawili walisahau mizani. Mwezi wa saba na baridi hii ya huku watoto wanakuja wamefungwa kama mzigo wa sokoni. Ubishi ukakatwa na mama mmoja aliyeingia na mtoto anachemka, mwenzetu wa chati akamuweka kwenye mizani na blanketi lake, 8.9, akageuka kuangalia dozi. Mkongwe akasema, "Pole mama, naomba tumvue kwanza." Sweta mbili, soksi, blanketi, kofia. Ikasoma 8.1. Yule wa chati hakusema kitu, alichukua kalamu akakata ile 8.9 kwenye faili.