Mashada ya Februari na Njaa Tunayoisahau Songea

Kila mwaka, katika siku za mwisho za Februari, mji wa Songea hupokea wageni wa kumbukizi ya mashujaa wa Vita vya Majimaji. Kilele chake ni tarehe 27, kwa sababu ni siku hiyo, mwaka 1906, ambapo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni waliokataa utawala wao. Wazee wa mila na desturi huongoza taratibu, silaha za jadi na mashada huwekwa kwenye kaburi la pamoja katika Makumbusho ya Majimaji, masheikh na mapadri huomba, na lizombe, ngoma ya Wangoni, huchezwa mpaka vumbi linapanda. Nayaheshimu mambo hayo, na anayeyaita utalii wa ndani tu nadhani hajawahi kusimama mbele ya kaburi lile. Lakini nina neno na wenzangu wa vikundi vya urithi: tunawakumbuka vizuri walionyongwa, tunawapita haraka waliokufa kwa njaa, na ndiyo maana kazi za kujitolea tunazozifanya wakati wa kumbukizi, kama vile kufyeka makaburi, kupanda miti na kutembelea wagonjwa wodini, tunazihesabu kuwa nyongeza ya ratiba.

Turudi kwenye vita yenyewe. Ilianza Julai 1905 huko Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na habari za maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi, zikasafiri kusini mpaka Ungoni. Katika mapigano ya ana kwa ana bombomu, yaani bunduki za rashasha, ziliamua mambo mapema, lakini watu hawakujisalimisha. Walitawanyika porini wakapigana kwa kuvizia. Ndipo jeshi la Gavana von Götzen lilipogeukia chakula. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, aliandika waziwazi kwamba kwa maoni yake ni njaa na dhiki pekee ambazo zingewatiisha watu kabisa. Kilichofuata ni vihenge kuchomwa, mazao kuharibiwa yakiwa shambani, mifugo kuchukuliwa, na msimu wa kupanda kupita bila mbegu kuingia ardhini. Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 waliokufa. Wapo wanahistoria waliofikisha makadirio kati ya 250,000 na 300,000. Ukichukua hesabu yoyote kati ya hizo, wengi hawakufa kwa risasi wala kwa kitanzi.

Walionyongwa Songea wanatajwa kuwa 67.

Silinganishi idadi ili kuwapunguzia heshima. Nauliza tu mwanamke aliyekufa akichimba mizizi porini mwaka 1907, huku mtoto akiwa mgongoni, anakumbukwa wapi katika ratiba yetu. Hana kaburi linalojulikana na hana ukoo unaoweza kusimama mbele ya kipaza sauti ukasema huyu alikuwa wetu, kwa sababu mara nyingi ukoo wenyewe uliisha naye. Vijiji vizima vilibaki mahame, pori likarudi, na pamoja na pori wakaja ndovu na mbung'o. Sehemu za kusini ambazo leo tunazizoea kama makazi ya wanyama ziliwahi kuwa na mashamba ya watu.

Naelewa kwa nini kumbukumbu ilikwenda upande wa viongozi. Nduna (mkuu wa vita) Songea Mbano ana kaburi lake, ana jina lililopewa mji, na ana wajukuu. Mkomanile anatajwa kwa fahari kama mwanamke aliyekuwa miongoni mwa viongozi walionyongwa. Taifa changa nalo lilihitaji mashujaa wenye sura: Mwalimu Nyerere aliitaja vita hii mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alipokuwa akijenga hoja ya uhuru, na makumbusho ya Songea yakafunguliwa mwaka 1980. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika hapo tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi, alikutana na familia ya Mbano, na suala la fuvu la Nduna, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani, likashika vichwa vya habari. Litafutwe, na likipatikana lirudi. Ila niliposikiliza mijadala ya wiki zile niliona jinsi mauaji ya maelfu kwa njia ya njaa yalivyofunikwa na habari ya kichwa kimoja, na sisi wa vikundi vya urithi, tuliopaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo, tulikuwa na shughuli ya kuulizana fulana zitakuwa za rangi gani.

Sasa tazama kalenda. Februari huku kusini ni katikati ya masika. Mahindi yako shambani, bado mabichi, na akiba ya mwaka uliopita imepungua katika nyumba nyingi za wakulima wadogo. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala hapohapo Songea. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu walio chini ya umri wa miaka mitano katika mkoa huu ana udumavu. Chanzo chake leo ni kingine kabisa, tena zaidi ni lishe duni kuliko ukosefu wa mahindi, na sitaki mtu adhani namsingizia von Götzen udumavu wa mwaka 2022. Ninachosema ni kwamba kikundi kinachodai kuwaenzi watu waliouawa kwa kunyimwa chakula hakiwezi kuwa na kazi ya kujitolea iliyo karibu zaidi na jina lake kuliko hii.

Kwa hiyo napendekeza kila anayehudhuria kumbukizi aje na debe la mahindi au kilo chache za maharage na karanga, ziende kwenye uji wa shule za msingi zinazokabili upungufu wakati huo. Wazee waombwe kuwasimulia wanafunzi mizizi na majani waliyoambiwa na bibi zao kwamba yaliliwa miaka ile, maana ujuzi huo unazikwa pamoja nao. Wanafunzi nao, wakiongozwa na walimu, waandike majina ya mahame yanayokumbukwa Namtumbo na kwingineko, kijiji kwa kijiji, na orodha hiyo isomwe kaburini baada ya majina ya viongozi.

Nimekwisha kuambiwa kwamba kumbukizi si shirika la misaada, na kwamba magunia yatavuruga itifaki ya mgeni rasmi. Hoja ya kwanza ningeikubali kama njaa ingekuwa jambo la nje ya historia tunayoiadhimisha. Ya pili ni nyepesi zaidi: mgeni rasmi mara nyingi huchelewa, na muda wa kumsubiri unatosha kabisa kupima mahindi, kuyaandika kwenye daftari mbele ya watu wote, na kuyapakia garini.